Mpimaji Asiyejihesabu

Siku ya kikao, Mpimaji aliwasha skrini kubwa ya ukutani kabla hata hajafungua madirisha. Grafu zikajitokeza moja baada ya nyingine: ya kijani, ya njano, na ile nyekundu iliyokuwa ikipanda kila asubuhi kama mtu mnene anayepanda ngazi. Aliitazama ile nyekundu, akapangusa vumbi kwenye kona ya skrini kwa kiganja, akakaa kuwasubiri wenzake.

Kazi yake ilikuwa kuandika plagini. Wengi pale ofisini hawakulijua neno hilo, naye alikuwa amezoea kuwaeleza bila kuwachosha. Ni vijiprogramu, aliwaambia, vinavyochomekwa ndani ya programu kubwa ya uangalizi, na kila kimoja kina swali lake. Kimoja huiuliza seva, ile kompyuta kuu ya kampuni, diski yake imejaa kiasi gani. Kingine huuliza kumbukumbu iliyobaki. Kingine huhesabu oda zilizo kwenye foleni. Jibu likipatikana hupelekwa kwenye grafu, na baada ya muda mfupi swali huulizwa tena. Seva ikianza kuugua, grafu hujua kabla ya mtu yeyote. Alikuwa amejifundisha mwenyewe, kidogo kidogo, tangu enzi za kutengeneza simu kwenye kibanda, na plagini zake zote zilifanya kazi chini ya akaunti aliyoipa jina la "mpimaji". Ofisi nzima ikaishia kumwita hivyo.

Aliyemleta pale alikuwa shemeji yake, dada mkubwa wa mkewe. Kampuni ilisambaza dawa kwenye maduka ya dawa, na shemeji ndiye aliyeandika programu ya oda, peke yake, tangu kampuni ilipokuwa chumba kimoja chenye meza ya kuazima. Duka likiagiza, programu yake iliipokea oda, ikaiandika kwenye faili dogo, ikaipanga kwenye foleni, na chini ghalani mashine ikatoa lebo ya kubandika kwenye boksi. Miaka yote hiyo hakuna aliyeiwazia programu hiyo, kama ambavyo hakuna anayewazia bomba linalotoa maji. Lakini sasa lebo zilikuwa zinachelewa. Wapakiaji walisimama mikono kiunoni, magari yakiunguruma nje, na huko ghalani shemeji alikuwa ameshapewa jina: Mama Konokono.

"Haya," alisema mkuu wa idara, akikaa na kikombe chake. Alikuwa mtu wa haraka, aliyependa picha kuliko maelezo. "Mpimaji, tuonyeshe mchawi wetu."

Watu wakacheka. Mpimaji akafungua ukurasa alioupenda kuliko zote alizotengeneza: orodha ya programu zinazoitumia seva, inayokula zaidi ikiwa juu. Juu kabisa palikuwa na programu ya oda.

Shemeji aliegemeza viwiko mezani. "Programu hii sijaigusa tangu likizo. Kitu kisichoguswa kinaamkaje tu asubuhi na kuanza kula?"

"Kinazeeka," mkuu alisema. "Hata mimi sijaguswa na mtu, lakini nitazame nilivyonenepa."

Wakacheka tena. Shemeji hakucheka. Akamgeukia Mpimaji. "Shemeji, una hakika na hiyo orodha?"

Kazini hakuwa na mazoea ya kumwita hivyo. Huko waliitana majina ya kazi, na utani wao wa shemeji na shemeji waliuacha kwa ajili ya nyumbani, pale ambapo shemeji humwambia kwamba alimwoa mdogo wake kwa mkopo wa tabia njema na bado hajamaliza kuulipa. Mpimaji angeweza kusema, ngoja niangalie tena. Ilikuwa sentensi fupi, na hakuna ambaye angemwona mdogo kwa kuisema.

"Namba hazina upendeleo, dada," alisema kwa sauti yake ya upole. "Mimi naonyesha zilichosema, basi."

Alipenda namna maneno hayo yalivyomtoka. Aliona hata mhasibu wa kampuni akitikisa kichwa kukubali.

Mkuu hakuchelewa kuamua. Mwisho wa mwezi programu ya oda ingeondolewa, kampuni ya nje ingeleta ya kwake, na shemeji angehamia kwenye meza ya simu kupokea malalamiko ya wateja. "Si adhabu," alisema. "Umefanya kazi sana. Hiyo ni kama kupumzika." Shemeji alifunga kompyuta yake taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba chenye mtoto aliyelala, akatoka.

Nyumbani mkewe alikuwa akikunja nguo kitandani. Hakuinua uso.

"Umemfanya nini dada yangu?"

"Sijamfanya kitu. Ni mashine ndiyo imesema."

"Mashine. Imepata mdomo siku hizi?" Akakunja shati, akalikunjua, akalikunja upya. "Nimempigia simu. Nilitaka akulaumu walau kidogo, tukuseme wote wawili, roho zetu zitulie. Hataki. Anasema ulifanya kazi yako, na angekuwa yeye angefanya hivyohivyo. Amekutetea kwangu, mimi mkeo."

Mpimaji alikaa ukingoni mwa kitanda akaanza kuzipanga soksi. Hakuwa mtu mbaya. Alitaka shemeji abaki kwenye programu yake, na njia aliyoijua ya kumsaidia mtu ilikuwa kupima zaidi. Angeandika plagini mpya, ya kuchungulia ndani ya programu ya oda na kuonyesha hasa ni sehemu gani iliyo nzito, ili shemeji airekebishe kabla ya mwisho wa mwezi. Alilala akiwa na amani, akijiona ameshamlipa.

Ili kuichomeka hiyo mpya, ilimbidi kuzisimamisha zote za zamani kwa muda. Aliingia chumba cha seva, kile chumba chembamba chini ya ngazi, akakaa kwenye kiti kisicho na mgongo, akazizima moja baada ya nyingine. Ukutani juu, skrini ikabaki tupu. Hakuwa ameandika hata mstari mmoja wakati simu yake ilipoita. Alikuwa mkuu wa ghala, mama mwenye sauti ya uwanjani, ambaye wote walimwita Kamanda.

"Nyie wa juu! Mmeilisha nini hii mashine leo?"

"Kwani vipi?"

"Lebo zinamwagika! Vijana wangu wanakimbizana nazo sakafuni. Mmefanya nini?"

"Hatujafanya kitu, Kamanda."

"Basi msifanye kitu kila siku, Mungu atawalipa!" Akakata.

Mpimaji alitabasamu, kisha tabasamu likamganda. Akaziwasha plagini za zamani, akakaa, akasikiliza feni za seva zikianza kuvuma kwa nguvu. Haukupita muda, simu ikaita tena.

"Imelala," Kamanda alisema. "Nilijua. Raha haidumu kwenye jengo hili."

Akazizima. Akaziwasha. Akazizima tena, safari hii akitumaini kwa moyo wote kwamba mashine ingeendelea kusinzia. Haikusinzia. Kila alipoacha kupima, seva ilikuwa nzima, na ndiyo maana hakuwa na grafu hata moja iliyowahi kuionyesha ikiwa nzima.

Alianza na plagini ya foleni, ile aliyojivunia. Ili kujua oda zinazosubiri, ilifungua mafaili ya oda moja moja, ikaangalia kama oda imeshashughulikiwa, ikafunga, ikaenda kwa linalofuata. Alipoiandika, mafaili yalikuwa machache. Lakini mafaili ya oda zilizokwisha hayakufutwa. Yalibaki palepale kwa ajili ya watu wa mauzo, na shemeji alishamwambia hivyo, naye akaitikia bila kusikia. Sasa yalikuwa mlima. Kabla plagini haijafika nusu ya mlima, muda wa kuuliza tena ulikuwa umefika, na ya pili ikaanza kupanda nyuma ya ya kwanza, na ya tatu nyuma ya hizo. Zote zikaing'ang'ania diski ileile. Programu ya shemeji ilikuwa imesimama mlangoni ikisubiri zamu yake, na orodha ilikuwa ikiuhesabu ule muda wa kusubiri kama ulafi.

Lakini kwa nini plagini zenyewe hazikuonekana kwenye orodha?

Hakuhitaji kuangalia. Alijua. Hata hivyo aliangalia, kwa kuwa hakuwa na namna nyingine ya kufanya kazi, na mstari ulikuwa palepale alipouweka: chochote kilicho cha akaunti ya mpimaji, kirukwe. Aliuandika wiki ya kwanza ya orodha hiyo, baada ya mkuu kuona jina lake karibu na juu na kupaza sauti mbele ya kila mtu, "Kumbe mlafi wetu ni Mpimaji!" Siku kadhaa baadaye watu walikuwa bado wanamsogezea sahani zao zilizobaki makombo, karibu mlafi, usituonee haya. Alicheka nao. Kisha akarudi mezani kwake akaandika ule mstari, akijiambia kwamba kupima si kazi halisi ya seva, na kwamba orodha itakuwa safi zaidi.

Masikio yalimwaka moto. Alikumbuka sauti yake mwenyewe, ile ya upole, ikisema namba hazina upendeleo, na akafumba macho kama mtu aliyemulikwa tochi.

Marekebisho yalikuwa mepesi, na hilo nalo lilimuumiza. Programu ya shemeji ilikuwa tayari na hesabu yake ya oda zinazosubiri, imewekwa mahali pamoja, safi, kwa yeyote atakayeuliza. Yeye hakuwahi kuuliza. Aliandika upya plagini ili isome hesabu hiyo na kuondoka na jibu bila kugusa faili hata moja. Akaiwasha. Feni zikabaki zimetulia. Kisha akautazama ule mstari wa kuruka, kidole kikiwa juu ya kitufe cha kufuta. Akiufuta, mtu angeweza kuuliza kwa nini ulikuwepo. Akauacha. Mashine imepona, alijiambia. Shemeji atabaki na kazi yake, na hakuna haja ya kuchimbua.

Siku iliyofuata mkuu aliwaita wote tena mbele ya skrini. Grafu nyekundu, ile ya mzigo wa seva, ilikuwa imeanguka, ikalala chini.

"Mnaona?" alisema, akiigonga skrini kwa kalamu. "Hii ndiyo dawa. Mtu akiguswa, anaamka. Dada, hongera. Kumbe uwezo ulikuwepo."

"Sijafanya kitu," shemeji alisema.

"Acha unyenyekevu."

"Bosi, sijafanya kitu. Sijaifungua hata programu yenyewe."

Uso wa mkuu ukabadilika taratibu. Akaitazama grafu, akamtazama yeye. "Yaani miezi yote tunalia, unasema haiwezekani, haijaguswa. Nakutoa kwenye programu, na siku chache tu baadaye inakimbia kama swala. Unataka nielewe nini? Ulikuwa unatuchezea?"

"Ndiyo maana nasema—"

"Basi. Mtu wa namna hiyo simwachii oda za wagonjwa mpaka mwisho wa mwezi. Meza ya simu, kuanzia Jumatatu."

Shemeji alizungusha macho kwa wenzake mmoja mmoja, bila hasira, kama anayetafuta miwani yake, na mwishowe akafika kwa Mpimaji. Alichotaka kilikuwa dhahiri: mtu wa vipimo aseme lolote. Mpimaji akainama, akajifanya anatafuta kitu kwenye simu yake. Alipoinua kichwa, kiti cha shemeji kilikuwa tupu.

Alimkuta mezani kwake akichomoa nyaya na kuzikunja, kila moja akiifunga kwa uzi. Mpimaji akasimama pembeni mwa meza kama mtoto aliyetumwa asijue arudi na jibu gani.

"Dada."

"Mm."

"Ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Plagini yangu ndiyo iliyokuwa inaziba diski. Inafungua mafaili yote, hata ya oda zilizokwisha. Programu yako ilikuwa inasubiri tu. Nimegundua jana, nikairekebisha. Kimyakimya."

Aliendelea kukunja waya. "Mbona haikuwa kwenye orodha?"

Lilikuwa swali pekee alilokuwa akiomba asiulizwe, na shemeji, ambaye alijua kazi yake, aliliuliza la kwanza. Mpimaji akamweleza. Alieleza vibaya, kwa kurukaruka, akaanza na seva na kuishia kwenye sahani za makombo.

"Uliliondoa jina lako kwa sababu walikucheka," shemeji alisema.

"Ndiyo."

"Walikuita mlafi."

"Ndiyo, dada."

Mdomo wa shemeji ulicheza kidogo upande mmoja, kama vile utani wa nyumbani ulitaka kutoka, kisha ukarudi ulikotoka. "Mimi kila nikishuka ngazi naimbiwa konokono. Umeshawahi kunisikia nikilalamika kwako?"

"Hapana."

"Na leo asubuhi, pale kwenye kikao. Nilikuangalia."

"Nilikuona."

"Najua uliniona. Ulitoa simu." Akaweka waya kwenye boksi. "Simu yenyewe hata haikuwa imewaka."

Mpimaji alitamani sakafu ipasuke. "Naenda kwa mkuu sasa hivi," alisema.

"Nenda. Kwa mkuu ni rahisi, mtafunga mlango. Na ghalani?"

"Ghalani hawatalielewa suala la plagini, dada."

"Jina la konokono walilielewa."

Mkuu alimsikiliza akiwa amesimama, kisha akiwa amekaa. Akataka kuona. Mpimaji akairudisha plagini ya zamani, akaufuta ule mstari mbele ya macho yake, na baada ya muda orodha ikajipanga upya: mpimaji, mpimaji, mpimaji, likashuka hivyo jina lake kama doa linalosambaa kwenye kitambaa, na programu ya oda ikaonekana huko chini, ndogo. Mkuu alikuna kidevu. Akaenda kufunga mlango.

"Sikiliza," alisema, na kwa mara ya kwanza alizungumza polepole. "Mimi nimesimama mbele ya watu mara mbili. Nimeongea maneno. Tufanye hivi. Dada anabaki kwenye programu yake, mimi nitasema nimebadili mawazo. Wewe zima hiyo takataka. Mambo yaishie hapa. Nani anafaidika tukiyatangaza?"

Maneno yale yalimwingia Mpimaji kama maji ya baridi mchana wa jua. Kila kitu kingerudi mahali pake. Shemeji angekuwa na meza yake. Yeye angekuwa na jina lake. Kwenye kioo cha mlango alimwona shemeji amesimama juu ya ngazi, bila mkoba, bila kitu mkononi. Hakuwa akitazama upande wao. Alikuwa ameegemea ukuta, akisubiri, kama mtu anayejua kabisa kinachosemwa ndani ya kile chumba.

"Nashuka ghalani, bosi," Mpimaji alisema.

"Kufanya nini?"

"Kusema."

"Unanitia aibu na mimi, unajua?"

"Najua. Samahani."

Walishuka bila kuzungumza, shemeji nyuma yake. Ghalani kulikuwa na harufu ya karatasi na gundi, na feni kubwa juu iliyopiga kelele kuliko ilivyopuliza. Kamanda aliwaona mlangoni, akapiga makofi.

"Haya, nyamazeni! Wakubwa wametutembelea. Mpimaji, una tangazo au umepotea?"

"Nina neno." Akasafisha koo. "Ile plagini ya foleni..."

"Ya nini?"

"Kuna kijiprogramu kinachokusanya vipimo. Sasa, muda wa kuuliza ukiwa mfupi kuliko..."

"Baba, tuna maboksi hapa," alisema mpakiaji mmoja mrefu, na wengine wakacheka.

Mpimaji akanyamaza. Maneno yote aliyoyajua, yale aliyojifundisha kwa miaka, hayakuwa na msaada, na aliona kwamba alikuwa ameshuka nayo ili ajifiche nyuma yake.

"Mashine ilikuwa nzito kwa sababu yangu," alisema. "Nilichomeka kitu kilichoisumbua. Programu ya dada ilikuwa nzima siku zote. Nilionyesha kwenye kikao kwamba ni yeye, na haikuwa kweli. Jana nimejua, nikanyamaza. Mpaka akafukuzwa kwenye kazi yake, nikanyamaza."

Kicheko kikafa. Mpakiaji mrefu alimtazama shemeji, kisha akaangalia viatu vyake. "Jana?" alisema. "Na mimi asubuhi hii nimemwimbia ngazini. Ulikuwa nyuma yangu, kaka. Umepita hapohapo."

"Nilipita," Mpimaji alisema.

Shemeji alikuwa amegeukia rundo la maboksi, akisoma lebo moja kana kwamba dawa ile alikuwa ameiagiza yeye. Mpimaji alingoja aseme neno, lolote, hata tusi.

Kamanda alijifuta mikono kwenye aproni yake. Hakuwa na utani tena usoni.

"Wale wa nyuma hawajasikia," alisema. "Feni inapiga kelele. Rudia."

Mpimaji akarudia, kwa sauti ya juu zaidi, na kwa kuwa alikuwa hajazoea kupaza sauti, ilikatika katikati.

"Anasema ni nani?" mtu akauliza kutoka mwisho kabisa, karibu na lango la magari.

Akasogea katikati ya ghala, mahali ambapo wote wangemwona, akaanza upya.